UZI: Sanduku na meza ya kambi ya Zama za Kati – la kwanza lilipasuka, la pili nimelikalia

#1 Seremala wa Baridi
Wakuu, salaam. Kuna watu wameniuliza mara kadhaa kuhusu yale masanduku, nikaona nifungue uzi mmoja tu nimalize.

Kwa asiyejua: huku Ulaya kuna watu wazima, wenye kazi na mikopo ya nyumba, ambao kila kiangazi wanavaa kitani na sufu, wanahamia kwenye mahema na kuishi siku kadhaa kama watu wa karne ya 14. Mimi nilicheka sana mwenzangu wa kazini aliponisimulia. Mwaka wa kwanza nikaenda kushangaa. Mwaka wa pili nilikuwa na kanzu fupi ya sufu na viatu vya ngozi. Huu ni mwaka wangu wa tano, sicheki tena.

Tunakwenda Visby, kisiwa cha Gotland, Uswidi. Mji una ukuta wa mawe wa karibu km 3.4, bado umesimama. Tarehe 27 Julai 1361 Mfalme Valdemar wa Denmark aliwafyeka wakulima wa kisiwa nje ya ukuta huo huo, wenye mji wakiwa wamefunga malango. Tangu 1984 kila Agosti kuna wiki nzima ya Zama za Kati pale.

Kikundi chetu kina sheria moja: chochote anachokiona mgeni akipita mbele ya hema kiwe ni kitu ambacho kingeweza kuwa hapo kabla ya 1400. Maana yake viti vya plastiki hakuna, deli la barafu hakuna, mifuko ya supamaketi hakuna. Lakini maziwa ya watoto lazima yakae kwenye baridi, na pawabenki lazima iwe mahali. Kwa hiyo unahitaji sanduku. Ukishakuwa na sanduku umepata kabati, umepata kiti na umepata maficho. Ukiongeza meza, una nyumba.

Sasa sanduku langu la kwanza. Baba yangu alikuwa seremala Moshi, nimekua nikiokota maranda sakafuni, nikajiona najua. Nikanunua mbao za msonobari zilizounganishwa tayari kiwandani, nikakata, nikapaka gundi kila mahali, nikafunga kwa skrubu nyingi, nikaziba vichwa vya skrubu kwa vijiti ili zisionekane. Msasa mpaka ukang'aa. Mke wangu akalipenda, likakaa sebuleni karibu na kipasha joto.

Mwezi Februari, usiku, tumelala, tukasikia PAA! Nilidhani bomba limepasuka. Asubuhi naona ubao wa mbele una ufa kutoka upande hadi upande, unapitisha sarafu. Wiki mbili baadaye wa nyuma nao ukafuata.

Nitaendelea na la pili jioni. Kwanza nataka mafundi waseme nilikosea wapi.

#2 kapuku_msomi
Mkuu umeacha kodi ya Tanzania, umeenda kulipa kodi ya Uswidi, halafu unatumia likizo kulala kwenye hema kama mkimbizi. Sina swali.

#3 Fundi wa Keko
Kijana, baba yako alikufundisha kuokota maranda, hakukufundisha nyuzi za ubao.

Ubao hauongezeki urefu, unaongezeka upana. Ukinyeshewa unavimba kwa upana, ukikauka unasinyaa kwa upana. Wewe ubao wa mbele nyuzi zake zimelala, ule wa kichwani, yaani wa upande mfupi, nyuzi zake zimesimama. Sawa? Baridi ikaja, nyumba ikapashwa joto, hewa ikakauka kama tanuri. Ubao wa mbele ukataka kupungua. Wa kichwani, kwa upande huo, haupungui. Na wewe umeufunga kwa gundi na skrubu hauwezi kusogea hata unywele. Ufanyeje? Unapasuka.

Mimi nina miaka mingi hapa Keko natengeneza makabati, nimeona ufa wa namna hiyo mara nyingi sana. Hapa Dar hewa ni ya unyevu mwaka mzima, kosa hilo linaweza kujificha miaka. Mteja akisafirisha kitu chake Dodoma, ndipo simu zinaanza.

#4 Seremala wa Baridi
Shikamoo mzee wangu. Umelenga penyewe. Nilikuja kupiga hesabu: ubao wa upana wa sm 40, kati ya kiangazi chenye unyevu na nyumba inayopashwa joto wakati wa baridi, unaweza kupungua mm 4 hadi 8 kutegemea mti na jinsi ulivyopasuliwa. Mimi nilikuwa nimeuachia mm 0.

Kilichoniuma ni kwamba watu wa mwaka 1300 walijenga sanduku lile lile, nyuzi zikipishana vile vile, na mengine mpaka leo yamo makanisani hayana ufa. Walitumia misumari. Nikajiuliza inakuwaje msumari uwe bora kuliko skrubu?

#5 Fundi wa Keko
Marahaba. Msumari unakubali. Unapinda kidogo, tundu lake linalegea kidogo, ubao unapumua. Skrubu na gundi havina huruma.

#6 Shosh wa Leeds
Hamjambo nyote. Mimi ni Mkenya, niko Uingereza, na tuko na kikundi chetu cha kuigiza vita vya 1471 kule Tewkesbury, tunapiga kambi kila Julai. Nimefurahi sana kuona si mimi pekee yangu Mswahili kwa huu wazimu!

Kuongezea kwa hayo ya fundi: misumari ya zamani haikuwa ya duara kama hii ya dukani. Ilifuliwa na mhunzi, ina pembe nne, na inapungua kuelekea nchani. Kama ncha yake ni bapa kama patasi, igeuze ule ubapa ukate nyuzi, usilale sambamba nazo. Ukilaza sambamba inafanya kazi ya kabari, inakupasulia ubao hapo hapo. Na toboa tundu dogo kwanza, hasa kama ni mwaloni. Mume wangu aliharibu mbao tatu kabla hajakubali kuniskiza.

Halafu acha msumari utokeze upande wa ndani, uukunje ncha irudi kwenye ubao. Hapo hautoki hata ukalie sanduku miaka mia.

#7 kapuku_msomi
Naondoa maneno yangu ya #2. Huu uzi una mambo. Lakini swali la kweli: wazungu hawakushangai? Mtu mweusi ndani ya karne ya 14?

#8 Seremala wa Baridi
@kapuku_msomi wanauliza, hasa watalii, wenzangu wa kambini wala. Jibu langu ni fupi. Kwenye kanisa kuu la Magdeburg, Ujerumani, kuna sanamu ya Mtakatifu Maurice ya karne ya 13, Mwafrika mweusi tii kavaa deraya ya chuma. Waliichonga wao wenyewe, sikuichonga mimi. Na Ibn Battuta alishapita Kilwa mwaka 1331, miaka 30 kabla ya Valdemar kufika Visby. Dunia haikuwa ndogo kiasi hicho.

Turudi kwenye mbao.

#9 Seremala wa Baridi
SANDUKU LA PILI

Kwanza niliacha kujenga nikaenda kutazama. Kwenye Gotland hiyo hiyo, mwaka 1936, mkulima alikuwa analima kwenye ardhi iliyokuwa bwawa la tope likakaushwa, panaitwa Mästermyr. Jembe likagonga kitu. Kutoa, ni sanduku la mwaloni limezungushiwa mnyororo, ndani na kandokando yake kuna vifaa zaidi ya 200: nyundo, koleo, tezo, misumeno, keekee, tupa, makufuli. Vifaa vya mtu aliyekuwa seremala na mhunzi kwa pamoja, wa miaka kama elfu moja iliyopita. Sasa lipo makumbusho ya historia Stockholm.

Nilisimama mbele ya kioo mpaka mlinzi akaanza kuniangalia. Sanduku lenyewe halina makuu. Urefu wake hauzidi sm 90, upana na kimo ni kama robo mita tu. Kitako kina ndimi zinazoingia kwenye matundu ya mbao za kichwani. Pande zimeinama kidogo kwa ndani, zimeshikwa kwa vijiti vya mti. Kifuniko kimechongwa kikabonyea ndani na kubinuka nje. Gundi hakuna. Na limekaa topeni miaka elfu.

Ilinijia pale pale kwamba lile halikuwa samani ya nyumbani. Lilikuwa sanduku la kubebwa na mtu anayetembea na kazi yake. Yale niliyokuwa nayaona ni uduni, kwamba ni dogo, ni jembamba, halina urembo, ndiyo hasa yaliyolifanya libebeke. Mimi nilikuwa nimejenga kabati la sebuleni nikaliita sanduku la kambi.

Basi nikaanza upya hivi.

Nilichukua deli letu la barafu nikalipima. Msicheke, hicho ndicho kipimo cha kwanza. Sanduku lolote la kambi leo linajengwa kuzunguka kitu kinachofichwa. Deli lilitaka nafasi ya ndani sm 60 kwa 33, nikaongeza sehemu ya vyombo, nikafikia urefu wa nje sm 90, upana sm 38, kimo sm 45. Kimo hicho hakikuja kwa bahati: sm 45 ndicho kimo cha kiti. Sanduku la sm 55 utaning'iniza miguu kama mtoto kwenye benchi la zahanati.

Mbao sita: mbele, nyuma, vichwa viwili, kitako, kifuniko. Mbao za vichwani nyuzi zimesimama na zinashuka mpaka chini, zinapita kitako kwa sm 8, hizo ndizo miguu. Nimekata pembetatu katikati ya kila moja ili sanduku lisimame kwenye ncha mbili badala ya ubao mzima. Chini ya hema ardhi ina umande, kitako kikigusa nyasi kinaoza na nguo zinanuka.

Kitako nimekipa ndimi mbili kila upande, zinapenya vichwa na kutokeza nje mm 5. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote, patasi na uvumilivu. Ukikosea tundu likawa kubwa, sanduku lote linacheza kama jino la mtoto.

Mbele na nyuma nimepigilia kwa misumari ya kufuliwa, minne kila pembe. Gundi sikuileta hata kwenye banda.

Swali la mbao. Msonobari wa mm 22 ulinipa sanduku la kama kilo 18 likiwa tupu, kwa hesabu. Mwaloni wa unene huo huo ungefika kilo 25. Nimechagua msonobari kwa mbao zote isipokuwa vichwa, hivyo ni mwaloni, kwa sababu ndivyo vinavyogusa chini na kupigwa mateke.

#10 Mufindi_Mbao
Mkuu mimi niko Mafinga, biashara yetu ni mbao za msonobari wa shamba la Sao Hill. Huo msonobari wa kwenu ni tofauti na wetu? Maana hapa ukimwambia mteja msonobari anasema unapinda, unaliwa na wadudu.

#11 Seremala wa Baridi
@Mufindi_Mbao ni ndugu, si pacha. Wa huku unakua polepole kwa baridi, pete zake za mwaka zimebanana, unaweza kuhesabu nyingi kwenye sentimita moja. Wenu unakimbia, pete ni pana. Lakini kupinda kwingi ninakokujua mimi tangu Moshi ni kwa mbao kuuzwa mbichi. Ikaushwe vizuri, ipangwe na vijiti katikati hewa ipite, halafu tuzungumze.

#12 Mufindi_Mbao
Hapo umesema kweli. Mteja anataka leo, ubao umetoka msumenoni jana.

#13 Mlamu wa Shela
Assalaam alaykum. Nimesoma nikatabasamu. Nyinyi mwasifu ubao usio na gundi kana kwamba ni ajabu ya wazungu. Mtepe wetu ulikuwa ukishonwa kwa kamba za nazi, na vijiti vya mti vikishika mbao, ukaenda baharini na kurudi.

Jambo jingine, kwa wapenda maneno. Mwasema "sanduku", hilo ni la Kiarabu. "Kasha" ni la Kireno. "Meza" pia Kireno. "Bweta" Kireno. Wareno walitupigia mizinga, nasi tukabaki na samani zao mdomoni. Kabla ya hapo tulikuwa twala juu ya mkeka, na wala hatukuwa na njaa.

Kasha la kwetu la harusi, lenye njumu za shaba, mengi yake yalikuja kwa jahazi kutoka Bara Hindi. Lina droo chini na kijisehemu cha siri ndani. Nakuuliza, sanduku lako lina siri?

#14 Seremala wa Baridi
Wa alaykum salaam sheikh. Lina siri moja, deli la barafu.

Kwa uzito zaidi: masanduku mengi ya huku yana kijisanduku kidogo upande mmoja ndani, juu, chenye kifuniko chake. Kazi yake ni sarafu na vitu vidogo, na ukikiinua kifuniko chake kinaegemeza kifuniko kikubwa kisikuangukie vidole. Nimekiweka. Humo ndimo inamolala pawabenki.

#15 Shosh wa Leeds
Kuhusu siri na kufuli: mwaka 1199 Papa Innocent III aliagiza kila kanisa liwe na sanduku la sadaka za vita vya msalaba, lenye funguo tatu, zikae na watu watatu. Askofu, padri, na muumini mmoja wa kawaida. Bila wote watatu halifunguki. Nikawaza vile hicho kitu kingesaidia chama chetu cha akina mama hapa Leeds, wacha tu.

#16 kapuku_msomi
@Shosh wa Leeds na kikoba chetu cha Mbagala pia. Funguo tano kabisa.

#17 Mama Imani
Samahani jamani, mimi mgeni kwenye mambo haya. Nina watoto wawili na mume hapa Ujerumani, tumealikwa kwenye kambi ya namna hii mwakani. Sina banda, sina mashine, nina chumba kimoja na balkoni. Naweza kuanza na nini? Sanduku naliogopa.

#18 Seremala wa Baridi
Dada Mama Imani, anza na meza. Nasema hivi kwa sababu nilianza kinyume nikajuta.

Meza ya wakati ule kwenye kumbi kubwa haikuwa kitu kimoja. Ilikuwa mbao ndefu zilizolazwa juu ya farasi. Farasi namaanisha zile stendi ambazo mafundi wetu wanakatia mbao juu yake, ndiyo hizo hizo. Watu wakimaliza kula, mbao zinaegemezwa ukutani, farasi zinasogezwa, watu wanacheza ngoma au wanalala pale pale. Kule Penshurst Place, Kent, Uingereza, kuna ukumbi wa mwaka 1341 ambao bado una meza ndefu za ukoo huo, ingawa farasi zake ni nzito, si za kubeba.

Yangu ni hivi. Juu: mbao tatu za msonobari, kila moja upana sm 22, urefu sm 180, unene mm 28. Zimeshikwa kwa chini na vipande viwili vya kukatiza, vimepigiliwa misumari, na kati ya ubao na ubao kuna upenyo wa mm 2 kwa sababu Fundi wa Keko ameshatueleza. Uzito kama kilo 17. Watu wawili wanabeba wakiongea.

Farasi ni mbili. Kila moja ni boriti fupi yenye unene wa sm 8 na miguu MITATU. Si minne. Nilikuwa najua hili tangu utotoni bila kujua kuwa najua: mama hakuwahi kupika kwenye mafiga manne. Matatu yanakaa popote, kwenye mteremko, kwenye jiwe, chungu hakichezi. Uwanja wa kambi una mashimo ya fuko na mizizi. Meza ya miguu minne utaitafutia vigae vya kuweka chini wiki nzima.

Miguu nimeichonga vichwa vipungue kama karoti, na matundu ya boriti nayo yanapungua vivyo hivyo. Unaisukuma, unagonga mara moja, basi. Mzigo unavyoongezeka juu, inajikaza yenyewe. Jumapili jioni unagonga kwa chini, inatoka, yote sita inafungwa kwa kamba kama kuni.

Vifaa: msumeno mmoja, keekee, kisu cha kuchongea, nyundo. Balkoni inatosha. Majirani watakuchukia siku mbili.

#19 Fundi wa Keko
Hiyo miguu kama hautaki itoke, chana kichwa chake, pitisha tundu, halafu gonga kabari kwa juu. Lakini kabari isimame kukatiza nyuzi za boriti. Ukiilaza kufuata nyuzi umepasua boriti. Ndiyo yale yale ya msumari wa yule dada wa Leeds.

#20 Mama Imani
Asanteni sana. Na rangi? Vanishi si itang'aa sana?

#21 Seremala wa Baridi
Vanishi ya plastiki hapana, inaonekana kutoka mita ishirini. Mimi napaka mafuta ya kitani, mara tatu, nasubiri siku kadhaa kati ya kila mkono. Miguu ya sanduku na tako lake nimechanganya na lami ya msonobari, ile nyeusi inayonuka moshi, ambayo huku wamekuwa wakipaka mashua na makanisa ya mbao tangu zamani.

ONYO, na hili naomba lisomwe mara mbili: matambara yaliyolowa mafuta ya kitani usiyafinyange ukayatupa kwenye ndoo. Mafuta yale yanapokauka yanatoa joto, na tambara lililokunjwa linalihifadhi, mpaka linashika moto lenyewe bila kiberiti. Si hadithi. Yatandaze nje kwenye waya moja moja, au yaloweke ndani ya maji. Dada uko chumba kimoja na watoto, tafadhali.

#22 Shosh wa Leeds
Hiyo ya matambara ni kweli kabisa. Mwenzetu mmoja karibu apoteze banda.

Mimi nina ubishi na Seremala. Umesema uko 1361, na umeiga sanduku la mwaka 1000. Si hiyo ni kama mtu avae suti ya babu ya babu ya babu yake kwenye harusi ya leo?

#23 Seremala wa Baridi
Nilijua utafika hapo 🙂 Sikuliiga, nililisoma. Lile la Mästermyr lina pande zilizoinama na vijiti vya mti. Langu pande zimesimama wima na misumari ya chuma, mbao sita, namna ambayo ilitengenezwa kwa karne nyingi kabla na baada ya 1361. Nilichokichukua kwake ni ndimi za kitako na ule udogo.

Ila kuna mtu kambini ana sanduku la aina ya tajiri wa karne ya 13, lenye miimo mipana minne ya mwaloni pembeni, mbao za mbele zinaingia ndani ya miimo, miimo hiyo hiyo ndiyo miguu, na mbele pamechongwa maduara kwa bikari. Zuri mno. Linabebwa na wanaume wanne, na hao wanne kila mwaka wana visingizio vipya.

#24 kapuku_msomi
Swali la kizembe: kwa nini mbao za dukani zilizopigwa randa za mashine zisitoshe? Nani ataona?

#25 Shosh wa Leeds
Jua la saa kumi na mbili jioni ndilo litaona. Mwanga ukilala juu ya ubao, mashine inaacha mawimbi madogo yanayolingana kama bati. Randa ya mkono inaacha mabonde mapana yasiyolingana. Piga randa ya mkono mara moja juu ya zile sehemu zinazoonekana, saa moja tu ya kazi. Na usitumie msasa, unaua uso wa ubao unakuwa kama mfupa.

#26 Fundi wa Keko
Nimewaita vijana wangu waje wasome hii #25.

#27 Mufindi_Mbao
Nami nina swali la weusi kwenye misumari: nimeona mbao ngumu zikigusa chuma na maji zinakuwa na doa la bluu nyeusi. Kwenye mwaloni nako?

#28 Seremala wa Baridi
Tena sana. Mwaloni una tanini nyingi, ikikutana na chuma na unyevu inatoa wino. Kweli, wino wa hati za wakati ule ulipikwa kwa mambo hayo hayo, tanini na chumvi ya chuma. Kwa hiyo vichwa vya sanduku langu vina miali myeusi chini ya kila msumari. Mwanzo nilikasirika nikataka kusugua. Sasa naona ndiyo imeliondolea ule upya wa dukani. Asiyetaka doa atumie msonobari mtupu.

#29 Seremala wa Baridi
MREJESHO. Tumerudi jana usiku kwa meli, nimechoka, lakini niliahidi.

Mvua ilinyesha siku mbili mfululizo. Sanduku halikupasuka popote. Ila kifuniko kilivimba, siku ya tatu kikagoma kufunguka, na maziwa ya mtoto yamo ndani. Nimehangaika na patasi mbele ya watalii kumi wakipiga picha, wanadhani ni onyesho. Kosa ni langu: niliacha upenyo wa mm 1 kati ya kifuniko na vipande vyake vya pembeni. Fundi, najua utasema nini.

Deli kwenye sanduku lililofungwa linatoa jasho, chini palikuwa na maji. Nimetoboa matundu matatu ya kidole kwenye kitako, nikaweka vipande viwili vya mbao deli likae juu yake.

Meza haikutikisika hata mara moja. Usiku wa Ijumaa watu wanane walikula juu yake, wawili wakaikalia, na mmoja mwenye kilo zaidi ya mia akapanda juu kuimba. Farasi moja ililia kidogo. Kumbe mguu ulikuwa unajikaza.

Na mtoto wangu mdogo amelala ndani ya sanduku mchana wa Jumamosi, kifuniko wazi, juu ya blanketi za sufu, tukamtafuta kambi nzima.

#30 Fundi wa Keko
Mm 3 kila upande. Sitasema zaidi.

#31 Mama Imani
Nimenunua mbao za meza leo. Mwenye duka kaniuliza ni za nini, nimemwambia ni farasi, ameenda kumwita mwenzake.